Daftari la Zimamoto

Ukiingia mwezi wa Mei, simu ya kituo hailali.
Si moto. Ni nyuki.
Bumba limening'inia kwenye taa ya barabarani,
bumba limejaa sanduku la barua la padri,
bumba kwenye kiti cha mtoto, nyuma ya baiskeli,
kama ndevu za mtu asiyekuwepo.

Nani aende?

Zamani hatukuuliza. Alikwenda Vinko,
kwa kuwa nyumba yake inatazamana na kituo,
kwa kuwa ngazi yake ni ndefu,
kwa kuwa mshika simu ni shemeji yake.
Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, tulisema,
tukaendelea kutafuna msemo huo, nyama hatuioni.

Mizinga yake ikafika arobaini na mitatu.
Na Zdenka wa kilimani,
ambaye baridi ilimwachia viganja viwili vya nyuki wafu
na ubao aliouchora babu yake,
mbweha akimnyoa mwindaji ndevu,
alinunua asali dukani, akaificha chini ya mkate.
Nilimwona. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni,
nikajifanya nasoma bei ya sabuni.

Basi mwaka huu kuna daftari,
limefungwa uzi kwenye msumari, kando ya helmeti.
Tulilibishania hadi jogoo wa kwanza.
Aliyefiwa na nyuki atangulie.
Aliyepata ashuke chini kabisa ya orodha.
Mzee Alojz, ambaye magoti yake yamezikataa ngazi,
aliuliza, "Na mimi?"
Tukafuta, tukaandika upya:
kijana atapanda, Alojz atashika sanduku,
na bumba ni la Alojz.

"Nyuki hawasomi," alisema Vinko, akachukua kofia yake.
Kweli. Hawasomi.

Jumapili bumba likatua kwenye mtufaha wa Vinko mwenyewe,
hatua sita kutoka mlangoni pake,
kubwa kama mtoto aliyelala.
Zamu ilikuwa ya Zdenka.
Sijui alisimama pale dakika ngapi.
Najua tu kwamba simu ililia, na sauti ilikuwa yake.

Alimshikia ngazi. Zdenka akatikisa tawi mara moja,
nyuki wetu wa kijivu wakamwagika kama mtama gunia likipasuka,
na wale wa mlangoni wakainua mikia, wakipepea,
wakiwaita wenzao: malkia yumo, njooni.
Vinko alikaa nao hadi giza, asiachwe hata mmoja.
Sasa wanaingia na kutoka chini ya yule mbweha.

Kisha akaja kituoni. Nikamsogezea kalamu.
Aliandika saa, mahali, jina la Zdenka,
na kwenye safu ya maelezo, kwa herufi za kubanana:
*Nimeumwa mara mbili. Mara moja na nyuki.*

Jina langu ni la saba.
Usiku nasikia simu ikilia ng'ambo ya mto,
na mimi, mtunza haki,
nalala nikihesabu.