Tisini

Ofisi ya wakala iko Wete, juu ya duka la simu:
ngazi kumi na nne, zulia la kijani,
na feni inayogeuza shingo kama mtu anayekataa.

Bwana Khelef kanikaribisha soda.
"Maskati, mwanangu. Nyumba ya watu wanne tu,
riyali mia na ishirini, tikiti juu ya tajiri."
Pasi yangu keshaifungia kwenye mtoto wa meza.
Ada ya faili ni karafuu za mama,
zilizokuwa zitugeukie bati.

Mkataba wa Kiarabu.
"Utaweza kuusoma?" kanicheka.
Mimi nimehitimu kwa Maalim Faki, juzuu thelathini.
Nikausoma. Nikavuta panapovutwa,
nikatia ghuna penye nuni,
hata karani akaacha kupiga chapa.
"Mashaallah! Haya, tia saini."

Sauti ninayo. Maana, hata ya neno moja, sina.

Lakini nambari nazijua,
tangu utotoni nazikuta mwisho wa kila aya,
kila moja na kiduara chake.
Na penye mshahara imekaa tisa,
na nukta ubavuni.

"Mia na ishirini imo wapi?"

Feni ikakataa kulia, ikakataa kushoto.
"Hiyo ya kuanzia."
Kisha, "Karani kakosea."
Kisha, "Wako wenzio wanaitaka."

Basi nipe pasi yangu.
Kumbe ufunguo umepanda boti jana,
uko Unguja.

Nipo kwenye benchi. Soda imekata gesi.
Sitii saini, siondoki,
na kila binti anayemaliza ngazi
namwonesha kwa kidole
ile nukta.