Kibibi wa Naliendele

Korosho zimelipwa, na ahadi haikuwa na pa kujificha.
Somoe alinivuta kidole tangu alfajiri,
viatu vya Idi miguuni, na Idi ilishapita.
Bodaboda ikatushusha penye kibao:
MTU MZIMA ELFU TATU. MTOTO ELFU MOJA.
USIMPE NGEDERE SIMU.

Getini simba wa rangi, macho yamepishana;
aliyemchora, nadhani, alisimuliwa tu.
"Simba wa kweli yuko wapi?"
"Kaenda Liwale, kwa shangazi yake,"
alijibu dada wa buti za mpira,
Asumini Nanyanje, kovu la nungunungu mkononi,
aproni imejaa mabibo na madoa ya mabibo.

Tukaanza na kobe.
Somoe akachuchumaa, akamnyooshea jani la kabichi,
akangoja.
Nasi tukangoja.
Wanafunzi wakafika, wakapiga picha, wakaondoka,
kobe bado anatafakari.
Alipouma, aliuma kama karani
aliyebembelezwa wiki nzima agonge muhuri.
Somoe akampapasa gamba: "Baridi, kama sakafu ya madrasa."

Chatu mimi sikumgusa. Niseme kweli.
Nilikumbatia mkoba kwa mikono miwili
nikasema nalinda pesa.
Mwanangu akavishwa shingoni ule mzigo wa madoadoa,
akafumba macho, akanong'ona:
"Mama, anapumua. Anapumua polepole kuliko mimi."

Kisha Asumini akafungua sanduku la mbao.
"Huyu Kibibi. Panya buku. Kaeni chini, unganisheni viganja."

Nikacheka, kicheko cha mwizi aliyekutana na mwenye mali.
Maana sisi wa huku panya tunamjua
kwa chumvi, kwa moshi, kwa kijiti;
mavuno yakiisha tulifukua mashimo na kaka zangu,
na mikia niliyotafuna
ni mingi kuliko miezi ya huyu mtoto.
Kibibi akanusa kidole changu gumba,
akanusa tena, taratibu,
kama hakimu anayefunua jalada.

"Wenzake hufundishwa," Asumini akasema,
"kunusa mabomu yaliyozikwa wakati wa vita.
Anapita juu yake, anakwaruza udongo, watu wanajua.
Uzito wake hautoshi kuliudhi bomu."

Sikujibu.
Nilikuwa nimemkumbuka mjomba Nambecha,
aliyevuka Ruvuma na chumvi kichwani
akarudishwa kwa machela, mguu mmoja.
Kiatu cha pili alikiweka juu ya kabati,
na kila Ijumaa alivipaka dawa vyote viwili.
Hakuna aliyethubutu kumuuliza.
Njia ile ya mpunga, asubuhi ile,
ingetosha kitu kidogo chenye mkia mrefu
kutangulia hatua kumi.

"Mama, panya huyu analiwa?"
Asumini akaniangalia. Nami nikaangalia buti zake.
"Huyu hapana."
"Na wengine?"
"Bodaboda inatusubiri," nikasema,
na bodaboda ilikuwa haijafika.

Penye ndoo ya kunawia Somoe alinawa mkono wa kushoto.
Wa kulia akaukunja ngumi, akakataa.
Aliupanda nao pikipiki, akaulia nao muhogo kwa shida,
akalala nao umefumbwa,
kama mtu aliyepewa kitu akitunze.

Usiku ule jirani alibisha hodi,
kijiti mkononi, panya watano wa kubanikwa,
mafuta bado yanachuruzika, harufu ya utoto wangu mzima.
"Msimu umeanza, jirani."
Nilishukuru. Nilishukuru kwa moyo.
Nikafunga mlango, nikasimama sebuleni na kijiti changu,
mate yamejaa mdomoni,
kisha nikakiweka juu ya kabati.