Mfua Jezi

Mimi ndiye ninayefua jezi.
Kumi na nane, na ile ya kipa
yenye kiwiko kilichoshonwa mara mbili.
Kila Jumatatu nashuka nazo mtoni Enyau,
na beseni linajua matokeo kabla ya redio:
tukishinda, tope liko magotini;
tukifungwa, tope liko makalioni.

Kwa hiyo habari za Zati niulizeni mimi.

Ninyi mnamjua kwa mabango, miwani na mkufu,
jina limewashwa taa juu ya kumbi za Kampala.
Mimi namjua kwa mpira mmoja.
Alikuwa muokota mipira, Ezati wa Mama Ocokoru,
yule aliyeuza mihogo karibu na soko,
na siku tulipocheza na watu wa Nebbi
aliuacha mpira wetu wa pekee ukatumbukia,
mto ukaupokea kama barua, ukaupeleka Sudani.
Mechi ikafia dakika ya sitini na moja.
Deni limo kwenye daftari la klabu mpaka leo:
*Ezati, mpira mmoja.*

Kisha akaota sauti.
Hakuna wimbo wake usioitaja Arua.
"Arua, damu yangu!" anapaza,
na watu ambao hawajawahi kuvuka daraja la Pakwach
wanainua simu zao na kulia naye.

Mwaka juzi alituletea jezi mpya,
katoni tatu, wapiga picha wanne.
Kifuani, mahali pa mamba wetu, uso wake.
Vijana wakakimbia na uso wake,
wakakwatuliwa na uso wake,
wakapengea makamasi kwenye uso wake.
Mfuo wa kwanza, miwani ikatoka.
Mfuo wa tatu, mdomo ukaufuata ule mpira.
Kufikia Pasaka kilibaki kidevu.
Namba mgongoni haikubanduka hata moja:
hizo alizishona Drijaru, kwa uzi, kwa cherehani ya miguu.

Halafu tukamwona kwenye televisheni
amevaa jezi ya klabu ya jiji,
wale wale waliotufunga nne,
akiwaimbia wakati wa mapumziko.
"Kazi ni kazi," akasema.
Mtaani Oli, Swaibu kinyozi akaibandua picha yake ukutani,
akaitumia kukung'utia nywele.
Mimi sikusema kitu.
Nguo chafu haipigiwi kelele. Inalowekwa.

Siku ya kushuka daraja ilinyesha.
Watu hawakufika mia mbili.
Nyuma ya goli la kusini, kwenye nyasi ndefu,
alisimama mtu wa helmeti ya boda, hakuivua.
Dakika ya sabini, shuti la Asiku likapaa juu ya mwamba
kuelekea mteremkoni.
Mwenye helmeti alikimbia kabla mpira haujatua,
mguu wa kushoto mbele,
kama mtu anayejua hasa ni wapi udongo unateleza.
Akaukamata hatua mbili kutoka majini.
Akaufuta kwenye shati, shati la pesa, nililiona,
akaurudisha kwa mikono miwili, kutoka nyuma ya kisogo,
vile tulivyomfundisha.

Tukashuka daraja. Hilo halikubadilika.

Getini nilikuwa nakusanya jezi.
Akasimama, akachungulia beseni langu la videvu.
"Mama Candiru," akasema, "rangi ilikuwa mbaya."
"Rangi ilikuwa nzuri," nikamwambia.
"Kitambaa ndicho kilichoikataa."
Akacheka mle ndani ya helmeti,
au sijui kama kilikuwa kicheko.
Boda ikamchukua.

Leo Jumatatu. Tope liko makalioni.
Nimemwomba katibu lile daftari.
*Ezati, mpira mmoja:* sijaufuta mstari huo.
Nimeandika tu kando yake, kwa kalamu ya risasi,
ile inayofutika:
*ameonekana akiutafuta.*