Mate ya Sikudhani

Temeke, saa tatu, feni ya maabara imegoma.
Sikudhani anatema kwenye kichupa,
anajifuta kwa ncha ya kanga.
"Nameza. Asubuhi, usiku. Siruki hata mara moja."

Naandika jina lake kwenye plasta.
Mashine haina haraka, wala haina haya.
Namba inatoka: nusu ya inayotakiwa.
Nusu. Si chini, si juu.

Daktari atasema mgonjwa mwongo.
Fomu ina visanduku viwili, ndiyo na hapana,
hakuna cha nusu.

Namwita pembeni, namwonyesha karatasi.
Mkononi kovu la jiko la mkaa bado linang'aa,
Ramadhani iliyopita, futari ikiwa motoni.
Ananyamaza. Anameza mate
yaleyale yaliyomchongea.

"Kibwana naye kaanza kuanguka.
Shuleni wamemkimbia, eti povu linaambukiza.
Baba yake hataki aandikishwe.
Kadi ni moja, ya kwangu.
Nakata kwa wembe, juu ya kifuniko cha sufuria.
Kikivunjika vibaya,
kikubwa chake."

Nageuza fomu.
Nyuma, pasipo na mistari, naandika:
anameza.
Wanameza wawili.