Fundi wa Friji Achagua Theluji

Badi ametuma picha mbili na swali moja:
"Baba, wapi?
Nijibu kabla ya Ijumaa,
vyumba vya Desemba huisha kama mahamri ya asubuhi."

Niko Makupa, nyuma ya friji ya mwenye bucha.
Gesi imevuja, mgongo umelowa,
nyama ya watu imeanza kulalamika.
Simu naishika kwa vidole viwili vyenye grisi.

Picha ya kwanza: mlima mrefu kama deni.
Waya zimevutwa toka bondeni hadi mawinguni,
kwenye waya viti, kwenye viti watu,
miguuni mbao ndefu mbili mbili.
Nikamuuliza, wanafuata nini huko juu?
"Kushuka, Baba."
Basi?
"Basi."
Hoteli ina bwawa la maji moto katikati ya barafu.
Bei yake nimeisoma mara mbili,
mara ya pili nikiwa nimeketi.

Picha ya pili: kijiji,
na mteremko usiozidi ule wa kushukia feri Likoni.
Watoto wamefungwa kamba viunoni,
wanafunzwa kuanguka kwanza, kusimama baadaye.
Bwawa hakuna. Kuna supu.
Na pembeni mwa picha, mlango umeachwa wazi,
koti jeupe la mpishi juu ya msumari,
kifungo kimoja cheusi,
kile alichoshonewa na mamake usiku wa kusafiri.
Badi hakusema kwamba ndipo anapofanya kazi.
Alisema tu, "Hii ya pili ni ya bei rahisi."

Mwaka wa thelathini na moja huu natengeneza baridi.
Nimegandisha samaki, chanjo, maji ya vipakiti,
keki ya arusi iliyoahirishwa mara tatu.
Baridi naijua kwa sauti:
ikiwa nzima hunguruma, ikiugua hunyamaza.
Lakini sijaiona ikianguka yenyewe,
bila umeme, bila tokeni,
juu ya paa la kila mtu.

Nyumbani, Kibokoni, shauri limeshafika kwa jirani.
Bi Tima asema mlima mkubwa,
ukenda ng'ambo, nenda ukaonekane.
Mpwa wangu Twalib, wa benki, amechora jedwali:
kina cha theluji, masaa ya basi, nyota za hoteli.
Mlima mkubwa umeshinda kwa alama nane.
Nimelitazama jedwali lake.
Safu ya kifungo cheusi haimo.

Rukiya amesimama mbele ya feni
ndani ya koti la mtumba, la manjano, la Kongowea,
jasho lamtiririka hadi kidevuni.
Kwenye zipu bado kumening'inia kadi ya lifti
ya mlima wa tatu, ambao hakuna aliyetutajia.
"Na huyu aliyeliuza," asema, "alichoka baridi au alichoka kushuka?"
Kisha, kama afanyavyo kwenye arusi za watu,
akatoa ubeti, bila kugeuka:

*Mlima wa kifahari, wapandao ni wageni,
siendi kwa tafakhari, picha nitundike ndani,
naenda penye habari ya mwanangu wa jikoni,
nimuone kwa machoni, akila kama hushiba.*

Kumbe naye ameliona.

Asubuhi nikaandika: ya pili.
Badi akajibu upesi mno:
"Baba, huko hakuna cha kutazama.
Na mimi huenda nikawa na shughuli."
Twajua, mwanangu.
Nikamuuliza, friji za jikoni kwenu ni za aina gani?
Nibebe geji zangu?

Niko Makupa tena, sikio kwenye bati.
Kwenye simu anaandika, anafuta, anaandika.
Mwenye bucha anauliza, tayari?
Namwambia, hebu nyamaza kidogo,
nasikiliza.