Wasio na Alama

Kikopo kimefika saa tano, ndani ya boksi la barafu,
kutoka chumba cha upasuaji, ng'ambo ya mto Emajõgi.
Karatasi inasema: mwanamume, miaka thelathini na tisa,
utumbo mwembamba, kipande cha mwisho, sentimita nne.
Namba 0417. Jina halipo. Jina huwa halipo.

Sijauliza.
Kaka yangu Endel ameingia huko saa mbili asubuhi,
ana miaka thelathini na tisa,
na Tartu si mji mkubwa.

Nakata. Naosha ute, nabandua mafuta,
natia kimeng'enya cha kuachanisha nyama na nyama,
nangoja dakika arobaini nikitazama theluji
ikizika baiskeli ya mtu aliyesahau majira.

Kisha rangi. Hapa ndipo kazi yangu inapochekesha:
ili nimpate ninayemtaka, nawatoa kwanza wanaojulikana.
Mwenye alama ya T, toka. Mwenye alama ya B, toka.
Mla vijidudu, toka, na shibe yako.
Wanaobaki ni wachache, kama makombo mezani baada ya kitambaa.
Hawana cheo begani,
hawajakariri sura ya adui hata mmoja.
Tunawajua kwa walichokosa.

Lakini hao ndio walalao mlangoni.
Hawazururi na damu kama wenzao wasomi
wanaohitaji juma zima kuitisha kikao.
Hawa ukuta ukipiga yowe tu, wameshasimama.
Wa kundi la kwanza huwasha moto kirusi kikiingia.
Wa pili huchochea ute na kikohozi, huwatimua minyoo,
na pasipo minyoo hugombana na vumbi la unga:
muulize Ülle, aliyeoka mikate myeusi miaka ishirini
na sasa anauza vifungo, kwa sababu ya pumzi.
Wa tatu, nawapenda hao, huziba nyufa za utumbo,
huuambia ukuta ujijenge,
tuishi na bakteria wasiohesabika
kama tulivyoishi Annelinn, ghorofa ya tano,
tukisikia majirani wakikohoa, wala hatukugombana.

Endel alikuwa na miaka kumi na tisa ilipoanza.
Mama aliweka redio juu ya mashine ya kufulia
ili tusimsikie akiwa chooni.
Mpaka leo sipendi taarifa ya hali ya hewa.

Saa tisa. Tone, leza, tone, leza.
Kwenye skrini kundi la tatu lilipaswa kuwa wingu.
Ni vumbi.
Wingu liko kwa kundi la kwanza, kwa wenye moto.
Sidhani waliuawa. Sidhani walihamishwa.
Nadhani waligeuka: walinzi wale wale, lindo lile lile,
walisikia kengele miaka mingi mno
mpaka wakaanza kuipiga wenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa.
Aliyesema hivyo alikomea kwenye shati.

Wapo wanaorudi. Nimewahi kuwaona, kwenye sahani ya plastiki:
uwape ishara sahihi, na kiini cha vitamini ile ya karoti,
na baadhi yao wanakumbuka kazi ya zamani.
Baadhi. Kwenye sahani.
Endel hapendi karoti.

Jioni navuka daraja, viatu vimelowa.
Amezinduka. Midomo imemkauka, namlowanishia kwa pamba.
"Leo umefanya nini?"
"Nimehesabu."
"Wangapi?"
Hataki kujua; anauliza ili nisiondoke.
"Mia tatu na kumi na wawili."
"Wachache hao."
"Wachache," nasema, na kuvuta kiti.