Ubao wa Tatu

Mlango wa jikoni, nyumba yetu ya Kiamunyi,
una ngazi nne kushuka hadi uani.
Ngazi nne tu. Nilizijenga mwenyewe mwaka ule
nikidhani miguu ni kitu cha kudumu.

Tangu Machi mama hajazishuka.
Nyonga ilivunjika bafuni, daktari akaiunga kwa chuma,
na chuma, asema mama, hakijui njia ya kwenda kwenye managu.
Hukaa kizingitini, kiti cha magurudumu kimezuiwa kwa tofali,
akituonyesha kwa kidole jinsi tunavyopalilia vibaya.

Basi nikamwita Fundi Ndirangu.
Nataka sakafu ya mbao, nikamwambia,
itoke mlangoni sawasawa, isishuke hata kidole,
na upana uwe wa kiti kugeuka bila kuomba ruhusa.
Akapima kwa hatua zake, akanyamaza, akatema mate pembeni.
Ndani ya ule ukimya niliisikia bei ikipanda.

Mbao zilitoka Elburgon, saipresi, mbichi bado,
zikitoa utomvu juani kama pua ya mtoto.
Shilingi sabini kwa futi. Nilipiga simu tatu kutafuta ya sitini.
Ya sitini ilikuwa na mafundo kila mahali
na mchwa walishahamia, wamelipa na kodi.

Lakini mbao si kitu. Ni udongo.
Nani asiyeujua udongo wa Nakuru? Majivu ya mlima:
unachimba futi mbili unakuta unga, futi tatu unga,
mvua ikinyesha shimo linameza nguzo na salamu zake.
Twende futi nne, akasema Ndirangu, tumwage zege.
Saruji niliyopanga mifuko mitatu ikawa minane.
Kokoto. Maji ya kununua, maana mfereji ulikauka Jumanne.
Chai ya watu watatu, na mkate, na yule kijana msaidizi
aliyekula kana kwamba tumboni nako anajenga.
Misumari kilo sita.
Oili chafu ya gereji, mtungi mzima, ya kuwazuia mchwa;
majirani wakafunga madirisha wiki mbili.

Niliuza pikipiki.
Nikamwambia Kemunto, mke wangu, ilikuwa inakula mafuta.
Akaniangalia.
Sasa naamka saa kumi na moja, natembea gizani hadi lami,
miguu yangu ikilipa deni la miguu ya mama,
na sijui hilo niliandike ukurasa gani wa daftari.

Kaka yangu Maobe akapiga simu kutoka Nyamira:
"Nasikia umejenga jukwaa la kuhutubia kuku."
Hakutuma hata msumari.

Jumamosi, saa tisa, niliondoa tofali.
Mama akakataa kusukumwa.
Magurudumu yakavuka kizingiti bila kushtuka,
ubao wa kwanza, wa pili,
wa tatu ukalia.
Akasimama. Akarudi nyuma. Ukalia tena.
Kuku wakainua vichwa. Upepo wa Menengai
ukamvua kitambaa, naye akauacha uende nacho.
Sote tukangoja neno.

"Pesa ngapi?"

Nikaikata hesabu katikati kama ubao,
nikampa nusu iliyo nyepesi.

"Wamekuibia," akasema.

Kisha akaomba ungo na kisu,
akachambua managu mpaka jua likapinda,
akiwatupia kuku vikonyo, akiwataja mmoja mmoja
kwa majina ambayo hatukujua kwamba amewapa.

Jumatatu Ndirangu alirudi na nyundo, kwa aibu,
augongomee ule ubao bure.
Mama alimfukuza na kisu cha mboga mkononi.
"Huo uache. Nikiwa kitandani
nitajuaje nani anaenda kwenye managu yangu?"